Kisu cha Kumtosha Wiltrud

"Nani kakukata, Bibi Kaltenpoth?"

Daktari aliuliza bila kuinua macho. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, nywele kazifunga kwa mpira wa kijani, na sindano yake ilikuwa ikiingia kwenye kiganja cha kushoto cha Wiltrud kwa mara ya tatu.

"Kabichi," Wiltrud akajibu.

"Kabichi haina meno."

"Kabichi nyekundu ngumu kama jiwe, kisu butu kama kijiko. Nikasukuma, kikateleza, kikanijia mkononi. Basi."

Daktari akakata uzi, kisha akautazama mlango uliokuwa wazi nusu. Nje, kwenye benchi la ukumbini, aliketi mumewe Wiltrud. Eckhard Kaltenpoth alikuwa na miaka sabini na sita, vifungo vya koti kavifunga kombo, kofia magotini, na alikuwa akilisoma tangazo la chanjo kwa sauti, neno moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Naona kwenye faili mumeo ana maradhi ya kusahau," daktari akasema kwa sauti ya chini. "Hapa tuko wawili tu. Ni yeye?"

Wiltrud akahisi shingo yake ikipata moto. "Mume wangu amenoa visu miaka arobaini na miwili katika mji huu. Angenikata yeye, nyuzi tatu zisingetosha."

Alilisema kwa mzaha, na lilipokwisha kumtoka akatamani kulirudisha. Daktari hakucheka. Akageukia kompyuta akaanza kuandika, na akaandika kwa muda mrefu kuliko kidonda kile kilivyostahili.

"Unaandika nini?"

"Ulichoniambia tu, bibi."

&nbsp;

Jikoni kwa Wiltrud hapakuwa na kisu cha maana tangu Jumatano ya mwisho ya Oktoba. Siku hiyo alikuwa akimenya viazi, akageuka kuchukua sufuria, akamkuta Eckhard nyuma yake, hatua moja tu, na kisu kikubwa cha nyama mkononi. Alikuwa akimtazama kama mtu amtazamavyo mgeni aliyeingilia dirishani. "Nani kakuruhusu kuingia humu?" akamuuliza. Wiltrud alisimama akiwa na kiazi mkononi, maji ya moto yakitokota pembeni, hadi macho ya mumewe yaliporudi na akauliza chakula kitaiva saa ngapi.

Kosa lake Wiltrud lilikuwa kumsimulia Maren, binti yao. Maren alikuja kesho yake kutoka Wuppertal, mji wa jirani, na boksi la viatu, akakusanya vyote: kisu cha nyama, cha mkate, cha samaki, hata mkasi wa kuku. Akaacha visu vya siagi na kile kidogo cha mpini mwekundu, ambacho hata karoti ilikidharau.

Sasa Wiltrud alimpigia simu, mkono wa bandeji mapajani.

"Mama, si nilikwambia ununue mboga zilizokwisha kukatwa? Zipo tele, za barafu, kwenye mifuko."

"Nimepika miaka hamsini, Maren. Leo unanifundisha kula mifuko?"

"Nakufundisha kukaa hai."

"Usiseme hivyo, baba yako anasikia."

"Anasikia, halafu? Mama, ile nyumba ya wazee ina nafasi mwezi wa kwanza. Hawatatungoja."

Wiltrud akakata simu. Juu ya meza lilikuwepo boga alilonunua siku mbili kabla, zima, zito, la rangi ya machungwa. Akalibeba kwa mkono mmoja na tumbo, akapanda ngazi hadi kwa jirani wa juu, Bibi Overrath, akagonga mlango kwa kiatu.

Mlango ukafunguka kwa upana wa mnyororo mrefu. "Ni nani? Ah, Wiltrud. Uko peke yako?"

"Niko na boga. Naomba unikatie vipande vinne tu, mkono wangu huu…"

Jirani akauangalia ule mkono, akaangalia ngazi nyuma ya Wiltrud, kisha akaupokea mzigo kupitia upenyo, kwa kusukumasukuma, maana hakutaka kuutoa mnyororo. Mlango ukafungwa. Wiltrud akasubiri kwenye ngazi baridi kama mchukuzi. Vipande vilirudi ndani ya mfuko wa plastiki, na sauti ikamfuata akishuka: "Pole sana, mwaya. Mungu akulinde na huyo."

Akiwa katikati ya ngazi, Wiltrud akaamua kwamba kesho atanunua kisu.

&nbsp;

Duka lilikuwa barabara ya juu, karibu na kanisa. Alikwenda na Eckhard kwa sababu mbili: hakuweza kumwacha peke yake, na katika ndoa ya miaka arobaini na tisa hajawahi kununua kisu. Solingen ni mji wa visu; mke wa mnoaji hanunui. Visu vilikuja nyumbani mfukoni mwa mumewe, vyenye kasoro ndogo ambazo kiwanda hakikuzitaka. Pochini alikuwa na euro hamsini.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, jina lake Timo limeandikwa kifuani. Bila kuuliza bei wanayoiweza, akaweka juu ya kitambaa cheusi kisu chenye mawimbi bapani kama mchanga uliopigwa na upepo.

"Chuma cha tabaka sitini na saba. Mia moja na thelathini na tisa."

Eckhard akainama, akakichungulia. "Kijana, tunataka kukata kitunguu au kukisomea mashairi?"

Wiltrud akashtuka. Ile ilikuwa sauti yake, sauti ya zamani yenye kokoto ndani, ambayo hakuwa ameisikia tangu kiangazi.

"Ni kizuri sana, mzee."

"Kwa bei hiyo na kipike chenyewe. Lete kingine."

Kilichofuata kilikuwa kinene, cha chuma kilichofuliwa kwa nyundo, euro themanini na tisa. Eckhard hakukishika yeye. Akauvuta mkono mzima wa mkewe, akauweka kwenye mpini. "Si huko nyuma. Sogea mbele, kidole gumba na cha shahada vibane bapa lenyewe. Ehe. Unaonaje?"

"Kizito."

"Ukikatakata kabichi robo saa, kifundo kitakulilia. Rudisha hicho."

Akaendelea hivyo, akivikataa vitatu, vinne. Kwa kimoja vidole vya Wiltrud viligonga ubao wa kujaribia. Kingine mpini ulijaa kiganja kama nyundo. Cha tano kilikuwa chepesi na cha bei nafuu, lakini Eckhard akakipitisha kati ya vidole viwili karibu na makali, akatikisa kichwa. "Kinene nyuma ya makali. Makali ni ya wiki moja, Wiltrud, wembamba ndio wa maisha. Hiki kitapasua karoti, hakitaikata."

"Tuna chuma kigumu cha kisasa," Timo akasema, sasa kwa heshima. "Kinakaa na makali mwaka mzima."

"Na yakiisha?" Eckhard akamgeukia mkewe. "Chuma kigumu mno hutaweza kukinoa wewe."

"Si utakinoa wewe, bwana," Wiltrud akasema huku akicheka.

Eckhard hakucheka. Akamuuliza Timo kama bado wanaweka sanduku la vyenye kasoro. Lilikuwepo, chini ya kaunta, limejaa vumbi. Akapekua taratibu, akatoa kimoja cha urefu wa shubiri, mpini wa mti uliokuwa na doa la kuungua. Akakiinua kuelekea dirishani, akafumba jicho moja, akayafuata makali kutoka kisigino hadi ncha. Akayagusisha kwenye ukucha.

"Huyu aliyekinoa hakuwa na haraka," akasema. "Bei gani?"

"Ishirini na sita."

"Na kinoo kimoja. Kidogo, cha pande mbili. Cha mtu asiye fundi."

"Eckhard, vinoo si vimejaa kule chini ya nyumba, kwenye benchi lako?"

"Vile si vyako."

Kinoo kilikuwa euro kumi na mbili. Wiltrud akafungua pochi, moyo mwepesi kama wa msichana, akifikiri atakavyomsimulia Maren. Timo akanyoosha mkono. "Lete nikifunge, mzee."

Eckhard hakukitoa. Alikuwa amekishika vilevile, kuelekea dirishani, ila sasa ncha ilikuwa imeshuka na kumwelekea kijana.

"Lothar," akasema. "Umekuja tena kuniibia kazi yangu kiwandani?"

"Mimi ni Timo, mzee."

"Nimekuvumilia mara ngapi, Lothar?"

Mama mmoja aliyekuwa akichagua sufuria akakigeuza kigari cha mtoto wake na kutoka. Timo alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga rafu, na visu vyote rafuni vikalia. Wiltrud alisogea mpaka alipoweza kusikia pumzi ya mumewe, akaikaza sauti kama mnyapara wa kiwanda anayetangaza mapumziko.

"Bwana Kaltenpoth! Kengele imelia. Saa ya mkate!"

Eckhard akakilaza kisu kwenye kaunta palepale, makali yakielekea ukutani, akajipangusa mikono kwenye suruali iliyokuwa safi.

Timo akakivuta kisu upande wake wa kaunta. "Samahani, bibi. Sidhani kama naruhusiwa kukuuzia."

"Kisu ni changu mimi, si chake."

"Ndiyo, lakini kama mnaishi nyumba moja…"

"Mwanangu, tazama mkono huu. Umeshonwa kwa sababu ya kisu kibovu. Unataka nikaushone na wa pili?"

Kijana akakizungushia utepe wa gundi mara nne, mara tano, mpaka kikafanana na mguu uliofungwa plasta. Akampitishia kwa chini, kama magendo, na akaulinda mlango kwa macho mpaka walipotoka.

&nbsp;

Wiltrud alikificha katika kabati la mita ya umeme, ukumbini, na ufunguo akauning'iniza shingoni kwa utepe, ndani ya nguo. Alikitoa wakati Eckhard akisikiliza redio, akakirudisha kabla hajauweka ubao kando.

Na kilikata. Kabichi nyekundu iliachana kwa sauti ndogo ya hariri ikichanwa, tufaha halikumwaga maji, kitunguu hakikumliza. Eckhard alikula sahani mbili, akauliza: "Kiko wapi?"

"Kipo."

Akatafuna kidogo. "Nikikuuliza tena," akasema polepole, "usiniambie."

Kesho yake akauliza tena, kwa sauti nyingine kabisa. "Umekiweka wapi kisu changu, wewe mama?" Wiltrud akasema hajui. Siku iliyofuata akakuta kabati la viatu limemwagwa sakafuni, na mito imevuliwa foronya. Akapanga viatu, akavalisha mito. Siku ya nne alisinzia kitini baada ya chakula cha mchana, akaamshwa na kitu shingoni. Vidole vya mumewe vilikuwa vikipapasa utepe, taratibu, kama mtu anayetafuta mshipa.

"Unafanya nini, Eckhard?"

"Ulikuwa unapumua vibaya."

Maren alipopiga simu jioni ile na kuuliza habari, mama yake akamwambia habari ni nzuri, baba yako amekula vizuri, njoo Jumamosi ujionee.

&nbsp;

Jumamosi kabla ya mchana, Wiltrud alivua utepe ili aoshe nywele. Aliutundika kwenye msumari wa bafuni, nyuma ya mlango. Maji yalimpita masikioni labda dakika tano. Alipojifunika taulo na kuufunga mlango, msumari ulikuwa mtupu.

Kabati la mita lilikuwa wazi. Utepe wa gundi, ambao hakuwahi kuutupa, ulikuwa umekanyagwa sakafuni. Akaita "Eckhard!" mara moja, kisha akaogopa kuita tena.

Kengele ya mlango ikalia. Maren aliingia na sahani ya keki, mvua ikimtiririka begani. "Mama, mbona umeganda hivyo?" Akauona utepe wa gundi uliobaki na umbo la kisu, akaliona kabati lililo wazi. Alikuwa mwepesi wa kuelewa tangu utotoni. "Umemnunulia kisu?"

"Nilijinunulia mimi."

"Mama! Nimekaa usiku na mchana nikiogopa simu ya polisi, kumbe wewe unaenda dukani? Na yeye mkononi?"

"Yeye ndiye aliyenichagulia."

"Mungu wangu." Maren alikwisha kutoa simu. Ndipo waliposikia sauti. Ilitoka chini, chumba cha chini ya nyumba, Eckhard alikokuwa na benchi lake la kazi: kwaru, kisha kimya, kisha kwaru.

"Usiteremke," Maren akanong'ona. "Ngoja waje. Mama, nakuomba."

Wiltrud alikuwa tayari kwenye ngazi ya tatu, nywele zikimdondokea mgongoni. Maren akamfuata, simu mkononi, kidole juu ya namba.

Eckhard aliketi kwenye benchi chini ya taa, amewapa mgongo. Kisu kilikuwa mkononi. Hakugeuka.

"Fungeni mlango, kuna upepo," akasema. "Wiltrud, njoo ukae."

Ilikuwa sauti ya kokoto. Wiltrud akaketi. Mbele yake palikuwa na kinoo kipya, kimeloweshwa maji, na pembeni kipande cha mti mgumu ambacho mzee alikuwa amekichonga kiwe kabari ndogo, nyembamba huku, nene kule. Sakafu ilijaa vumbi la mti.

"Shida ya mtu asiye fundi ni pembe," Eckhard akasema. "Leo anainua, kesho analaza. Sasa wewe laza mgongo wa kisu juu ya kabari. Hivi. Sukuma mbele, mara kumi. Geuza, mara kumi. Usibonyeze, kisu si unga. Mara moja kwa mwezi, na usimpe mtu wa mtaani mwenye mashine akakiunguza. Fanya nikuone."

Wiltrud akafanya. Mkono wa bandeji ulipopotoka, Eckhard akaushika na kuurudisha njiani. Mara ya sita akaanza kusikia sauti ya makali yanavyokaa. Mara ya tisa akaelewa kwa nini anafundishwa, akakiweka kisu chini.

"Sitaki kujua haya. Ni kazi yako."

"Maren," mzee akaita bila kugeuka, "ile nyumba uliyoisema. Bado ina nafasi?"

Maren akaishusha simu.

"Baba yako haendi popote," Wiltrud akasema.

"Sikiliza, mke wangu, maana sijui nina dakika ngapi. Ile Jumatano. Unadhani nilisahau. Nakumbuka kila kitu, ndiyo adhabu yangu. Kichwa hakikujua wewe ni nani. Lakini mkono ulikuwa kazini. Mkono ulikwisha kupima pa kuingilia, hapa chini ya mbavu, na ulijua hakuna mfupa. Mkono huu haujasahau hata kitu kimoja, Wiltrud. Wiki hii nzima ulikuwa ukikitafuta kisu, na mimi nilikuwa nyuma yake nikiufuata kama mbwa." Akakiokota kisu, akakigeuza, akakishika bapa kwa kiganja chake mwenyewe na kumnyooshea mkewe mpini. "Kichukue sasa. Nisipokupa leo, sijui nani atakupa."

Wiltrud akaushika mpini. Hakuvuta mara moja, kwa sababu machozi yalikuwa yamemziba macho. Na katika muda huo mfupi akaona kitu kikizimika usoni mwa Eckhard, kama nyumba ambayo watu wake wametoka. Vidole vya mzee vikakaza juu ya bapa.

"Nani kakuruhusu kuingia humu?"

"Mama," Maren akasema kutoka ngazini.

"Nyamaza, mwanangu."

Akivuta, atamkata. Akiachia, kisu kitabaki mkononi mwa Eckhard. Wiltrud akakaa vilevile, mkono kwenye mpini, hakuvuta wala hakuachia, akimtazama mwanamume aliyemjua tangu alipokuwa na miaka ishirini na mbili, na ambaye sasa alikuwa akimpima kwa macho kutoka shingoni hadi tumboni. Mvua ilisikika kwenye dirisha dogo la juu. Mkono wa Eckhard ukawa mweupe vifundoni. Damu ikachungulia kati ya vidole, tone moja, la pili.

Hakuna aliyejua ilichukua muda gani. Baadaye Maren alisema dakika kumi. Wiltrud alisema maisha mengine. Hatimaye vidole vilichoka, kimoja baada ya kingine, vikafunguka. Wiltrud akakivuta kisu kwake polepole, akakiweka mapajani chini ya taulo. Eckhard akautazama mchirizi mwekundu kiganjani kama mali ya mtu mwingine, kisha akamgeukia binti yake kwa adabu kubwa.

"Mpelekeni huyu mama juu," akasema. "Ameloa, atashikwa na baridi."

&nbsp;

Eckhard alihamia nyumba ya wazee mwezi wa kwanza, Alhamisi yenye theluji. Kule chakula huja kimekwisha kukatwa, na visu ni vya plastiki. Wauguzi walimwambia Wiltrud asikae nyuma yake, akae pembeni, mahali atakapoonekana. Siku zingine anampokea kwa furaha kama binamu wa mbali. Siku zingine anamwambia atoke, na Wiltrud anatoka, anakaa ukumbini na koti lake mpaka basi la saa kumi.

Kila anapokwenda huchukua matufaha, anayakata nyumbani, anayapanga kwenye kopo. Mwezi wa tatu, Jumapili moja, Eckhard alichukua kipande, na badala ya kukila akapitisha kidole gumba juu ya pale kilipokatwa. Akakigeuza kwenye mwanga, akafumba jicho moja. Akachukua cha pili, akakikagua vilevile. Kisha akamgonga begani mzee aliyeketi naye mezani.

"Tazama hapa," akamwambia. "Sijui huyu mama ni wa nani. Lakini nyumbani kwake kuna mtu anayejua kunoa."

"Ndiyo, yupo," Wiltrud akasema.

"Mwambie asibonyeze sana."

"Nitamwambia," akasema Wiltrud, akamsogezea kopo.